Bei ikishuka tunashuka, bei ikipanda tunabaki pale pale

Ndugu wachimbaji, wamama wa nyumba, na ninyi vijana wenye mungali munasimama asubuhi ku milango ya kampani na karatasi mu mukono: leo tunataka kuzungumuza juu ya hesabu. Musifunge gazeti. Hii hesabu haiko ya wenye diplome ya juu tu. Ni hesabu yenye inaamua kama mwezi wa tisa mutoto ataingia mu darasa ao atabaki ku nyumba.

Tuanze na jambo lenye tuliona na macho yetu. Ku mwanzo wa mwaka fulani, kampani moja ya hapa kwetu iliita madelege wa sendika mu chumba cha mikutano. Mukubwa wa makuta alifungua ordinatere yake, akaonyesha tablo ku ukuta. Ile tablo ilikuwa na kolone tatu: bei ya chini, bei ya katikati, bei ya juu. Chini yake kulikuwa mistari: umeme, asidi, mazuti, transporti, piesi za mashini, kodi. Na kule chini kabisa, mustari wetu: wafanyakazi.

Tuliuangalia ule mustari muzuri. Mu kolone ya bei ya chini, wafanyakazi wa sutretansi walikuwa wamepunguzwa karibu nusu. Mu kolone ya katikati, walikuwa kamili. Mu kolone ya bei ya juu? Namba ilikuwa ile ile ya katikati. Hata dola moja haikuongezeka. Mwenzetu moja, sudere wa miaka mingi, mutu asiyesema sana, akanyoosha mukono: «Patroni, bei ikishuka, sisi tunashuka nayo. Bei ikipanda, juu ya nini tunabaki pale pale?» Mukubwa akajibu bila kukasirika: «Modeli njo inasema vile.»

Tulitoka mu kile chumba bila jibu. Hasira tulikuwa nayo ya kutosha. Namba njo hatukuwa nazo. Na kisha pale tulianza kujifunza, pole pole, jioni, na kalamu, na msaada wa wenzetu wenye walisoma hesabu za kampani. Leo tunataka kugawa na ninyi kidogo chenye tulielewa.

Modeli haiko mutu

Jambo la kwanza: modeli haisemi kitu. Modeli ni tablo yenye inarudia kile mutu aliweka ndani. Ukiweka kama wafanyakazi watapunguzwa bei ikishuka, itasema wapunguzwe. Ukiweka kama bei ikipanda wapate kitu, itasema wapate kitu. Kwa hiyo mukubwa akisema «modeli inasema», tuulize kwa heshima: «Nani aliweka hii namba, na aliitoa wapi?»

Tena modeli haiko kitu cha wazungu ao cha wachina peke yao. Mama mwenye anauzisha bunga ku soko iko na modeli mu kichwa. Anajua saki moja inamufikia kwa bei gani, transporti ngapi, pa kuuzishia analipa ngapi. Anajua saki inatoa meka ngapi. Anajua kama bei ikishuka chini ya kipimo fulani, ni heri aweke saki ndani ya nyumba, angojee. Anajua kama malori yamekwama ku Kasumbalesa, kesho bei itapanda. Hajaandika kitu, lakini amekwisha kupima gharama, bei, na uwezo wa kungojea.

Kampani inapima vitu vile vile vitatu. Gharama: tani moja inatugharimu ngapi mpaka itoke? Bei: tutaiuzisha ngapi? Na cha tatu, wanaita fleksibilite: kama mambo yanageuka, tunaweza kugeuka haraka namna gani?

Gharama ziko za namna mbili. Kuko zile zenye hazisikii bei: ukitoa tani moja ao tani elfu, deni ya banki inalipwa, mashini inalindwa, ofisi inawashwa taa. Na kuko zile zenye zinatembea na kazi: asidi ya kuyeyusha mawe, mazuti ya bene na ya jenereta wakati umeme unakatika, malori ya kufikisha mali mpaka ku bandari ya Durban ao ya Dar es Salaam. Kampani yote inapenda gharama za namna ya pili, sababu zinaweza kupunguzwa wakati wa shida. Na mutu wa sutretansi, mu ile tablo, amewekwa kule, pamoja na asidi na mazuti.

Bei inatembea namna gani

Juu ya bei, tuseme ukweli: kampani haina nguvu juu yake. Bei ya shaba inafanyika ku soko la vyuma la London. Kobalti yetu nayo, sehemu kubwa inatoka hapa kama unga wenye unyevu ndani ya masaki, wanauita idroksidi, inaenda kusafishwa inje, zaidi ku China. Mwenye kuinunua analipa sehemu tu ya bei ya kobalti yenye kusafishwa, hapana bei nzima.

Na hii bei inaruka kama mbuzi. Mu 2018 kobalti ilifika karibu dola 95,000 kwa tani. Mwaka wenye ulifuata ilianguka chini ya 30,000. Mu 2022 ikapanda tena kupita 80,000. Ku mwanzo wa 2025 ilikuwa karibu 21,000. Shaba nayo inajua kuanguka: mu 2008 ilitoka karibu dola 9,000 mu mwezi wa saba, mwisho wa mwaka ikawa chini ya 3,000. Wenye walikuwa kazini ile wakati wanakumbuka. Tulikuwa vijana. Furu ndogo ndogo za kuyeyusha shaba zilizimika moja moja, na watu walirudia ku nyumba na kaske mu mukono.

Kwa hiyo kampani yenye akili inajiuliza mbele ya wakati: bei ikianguka tutafanya nini? Hili swali ni la haki. Jibu lake kubwa ni: tuko na uwezo wa kusimamisha. Mwisho wa 2019 Glencore ilisimamisha mugodi wa Mutanda, wenye ulikuwa kati ya migodi mikubwa kabisa ya kobalti mu dunia, na ikafungua tena kisha karibu miaka miwili. Wenye mugodi wanaweza kungojea. Mawe hayaozi chini ya udongo. Bei ikirudi, mawe yatakuwa pale pale.

Lakini jiwe linaweza kungojea, tumbo haliwezi. Ile uwezo wa kusimamisha na kuanza tena ni mali ya kweli, iko na thamani ya dola, hata wenye kusoma makuta wanaihesabu. Na kitu chenye iko na thamani, kuko mutu mwenye anakilipia. Kwetu hapa, mwenye analipia ni mutu mwenye anaambiwa siku ya ijumaa: «Kuanzia lundi usikuje, tutakuita.»

Hili njo neno letu la leo: fleksibilite iko na bei. Leo bei yake inatoka mu mufuko wa mufanyakazi. Tunataka iandikwe mu tablo, na ilipwe na mwenye anaitumia.

Tufanye hesabu pamoja

Tusiseme maneno matupu. Tuchukue mufano. Hizi namba tumeziweka sisi wenyewe kwa kujifunza, haziko za kampani fulani. Kila mutu anaweza kuzibadilisha na zile za kwake.

Kazi fulani inahitaji watu 100 wakati bei ni muzuri, na watu 60 wakati bei ni mubaya. Tuseme mwaka uko na miezi 8 mizuri na 4 mibaya. Mufanyakazi wa kampani yenyewe anagharimu dola 600 kwa mwezi, pamoja na matunzo yote, na yeye mwenyewe anapokea 450. Mutu wa sutretansi, ile kampani ya katikati inamupigia bili ya dola 700 kwa mwezi, na yeye mwenyewe anapokea 350.

Kama kampani inashika watu wote 100 mwaka muzima, inalipa 100 mara 600 mara 12: dola 720,000. Kama inashika 60 wake, na inachukua 40 wa sutretansi kwa ile miezi 8 tu, inalipa 432,000 juu ya wale 60, na 224,000 juu ya wale 40. Jumla 656,000. Kampani imebakiza dola 64,000. Mukubwa wa makuta anafurahi, na mu tablo yake iko na haki ya kufurahi.

Sasa tugeuze karatasi. Mufanyakazi wa kampani angepokea 450 mara 12: dola 5,400 kwa mwaka. Yule wa sutretansi amepokea 350 mara 8: dola 2,800. Amepoteza dola 2,600. Watu 40 pamoja wamepoteza 104,000. Muangalie muzuri: kampani imepata 64,000, sisi tumepoteza 104,000. Ni kusema hii fleksibilite inatutoa sisi zaidi ya kile inapatia kampani. Nyingine imeenda wapi? Ku yule wa katikati. Ni kweli yeye pia iko na kodi na ofisi ya kulipa. Lakini mu ile tablo ya ku ukuta, yeye haonekani.

Tujaribu njia ya tatu. Kampani inaandika watu wote 100 yenyewe. Mu miezi 4 mibaya, wale 40 hawafanye kazi, lakini wanapokea makuta ya kungojea, 40 juu ya 100 ya mushahara: dola 180 kwa mwezi. Tuhesabu. Wale 60 mwaka muzima: 432,000. Wale 40 kwa miezi 8, mara 600: 192,000. Makuta ya kungojea, watu 40 mara miezi 4 mara 180: 28,800. Jumla: 652,800.

Murudie kusoma. 652,800 iko chini ya 656,000. Ile njia yenye inalisha watu wakati wa shida inaenea bila kugharimu kampani zaidi.

Hatutaki kudanganya mutu. Kama bili ya yule wa katikati iko 650 mu nafasi ya 700, njia ya sutretansi inagharimu 640,000, na njia yetu inapita kwa dola 12,800. Namba moja ikigeuka, jibu linageuka. Lakini hiyo njo kazi ya modeli: kubadilisha namba moja na kuangalia. Na hata pale, zile dola 12,800 ni kitu chenye tunaweza kuzungumuzia. Hawawezi tena kutuambia «haiwezekani». Watatuambia «inagharimu 12,800», na sisi tutajibu.

Tena kuko gharama zenye tumeacha inje. Mutu mupya ku bene kubwa, mwenye hajajua bado karieri, anachelewa, anaharibu piesi, na siku ingine anaumiza mutu. Ukifukuza watu 40 wenye kujua kazi na kisha miezi minne ukaleta 40 wengine, umelipa tena masomo, umelipa tena vyuma vyenye kuvunjika. Mu tablo nyingi tulizoonyeshwa, hii gharama haina mustari. Kama haina mustari, inaonekana kama sifuri. Lakini sisi wenye tumekwisha kubeba mwenzetu juu ya brankari tunajua haiko sifuri.

Wakikwambia kobalti imeanguka, uliza shaba

Jambo ingine lenye tulijifunza. Mawe yetu hayatoi chuma kimoja tu. Mu migodi mingi ya huku, shaba inatoka nyingi, kobalti inatoka pamoja nayo, kidogo zaidi. Mu hesabu zao, kampani nyingi zinachukua makuta ya kobalti na kuyatoa ku gharama ya shaba. Kobalti ikipanda, shaba inaonekana kama imetoka kwa bei rahisi sana. Kobalti ikianguka, gharama ya shaba inaonekana imepanda, hata kama mazuti na asidi havikubadilika.

Sasa mukumbuke mwezi wa tano wa 2024. Kobalti ilikuwa chini, mbali sana na ile ya 2022. Kila mahali tulisikia: «Kobalti imeanguka, mufunge mukaba.» Ni kweli ilikuwa imeanguka. Lakini ule mwezi wenyewe shaba ilipita dola 11,000 kwa tani ku London, bei yenye ilikuwa haijaonekana bado. Mutu akikuonyesha mukono moja mutupu, muombe akuonyeshe na mukono mwingine. Hatusemi kila kampani ilikuwa na faida ile mwaka. Kila mugodi uko na mawe yake na deni yake. Tunasema: hesabu ya chuma kimoja haiko hesabu ya mugodi.

Kisha ikakuja 2025. Mu mwezi wa pili serikali yetu ilisimamisha kobalti yote kutoka inje ya inchi, sababu bei ilikuwa imeanguka sana. Ku mwezi wa kumi ikaacha itoke tena, lakini kwa kipimo: tani 18,125 mpaka mwisho wa ule mwaka, na tani 96,600 kwa mwaka mu 2026 na 2027. Ile miezi bei ilipanda kupita mara mbili. Serikali ilitumia uwezo ule ule wa kungojea wenye kampani inatumia, na ilipata kile ilitafuta. Hatuikosoi. Inchi yenye inatoa sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia iko na haki ya kupima.

Lakini swali letu ni lile lile: ile miezi ya kungojea, nani alilipa bunga? Mwenye stoki alikuwa na stoki, na ile stoki ilikuwa inapanda bei akiwa amelala. Mwenye kuchimba kwa mikono na mwenye kazi ya siku kwa siku hawakuwa na stoki. Wao wenyewe njo walikuwa stoki.

Sheria iko, tuisome

Kuko wenzetu wenye wanafikiri hii yote ni kuomba huruma. Hapana. Sheria ya inchi imekwisha kukubali kama bei ikigeuka, wenye kugawana wanapaswa kugeuka nayo.

Kode ya Mini ya 2018 inasema hivi: kama bei ya chuma inapanda kupita 25 juu ya 100 zaidi ya ile bei kampani iliandika mu karatasi ya mradi, ile wanaita «étude de faisabilité», kuko kodi ya 50 juu ya 100 ku faida yenye imezidi. Muangalie akili yake: serikali inajua kama mu karatasi kuko bei moja, na ku soko bei ingine, na kama ya soko imeruka mbali, kuko kitu cha kugawana. Tena kobalti imehesabiwa kuwa chuma cha stratejia, inalipa redevansi ya 10 juu ya 100, yenye inafuata thamani ya mali. Mustari wa serikali unapanda bei ikipanda. Mustari wetu unalala.

Kode ya Kazi ya 2002 nayo iko na maneno yenye wengi wetu hawajasoma. Mutu wa siku kwa siku, kama amekwisha kufanya siku 22 mu muda wa miezi miwili, akiandikwa tena mbele ya ile miezi miwili kuisha, kontra yake mupya inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Kontra ya muda wenye kupimwa haiwezi kupita miaka miwili. Kwa mwenye ndoa mwenye ametenganishwa na jamaa yake, mwaka moja. Na isipokuwa kazi fulani kama zile za musimu, haiwezi kurudiwa zaidi ya mara moja. Vilevile, juu ya mishahara, primi na namna ya kuachisha watu, delegasio ya sendika inapaswa kuulizwa. Kuulizwa ni mbele ya kuamua. Kuonyeshwa tablo yenye imekwisha kufungwa hakuko kuulizwa.

Wangapi kati yetu wanaandika siku zao? Mali bila daftari huisha bila habari, wazee walisema. Siku za kazi bila daftari ni vile vile. Mutu anafanya siku 25, anakumbuka 18, na siku ya kwenda ku inspektere wa kazi hana kitu cha kuonyesha.

Hapa tupige na kifua chetu wenyewe. Sisi madelege, mara ngapi tuliingia mu mukutano na kelele mingi bila karatasi hata moja? Mara ngapi tulitia sinyatire ku chini ya kurasa zenye hatukusoma, sababu chakula kilikuwa kimepangwa na saa ilikuwa imekwenda? Watu walitutuma kupigana na tablo, na sisi tulienda na sauti. Tumekosea, na tunawaomba radhi.

Kile tunaomba, kile tunapaswa kufanya

Ku wakubwa wa kampani tunaomba mambo manne, na tunayaomba tukiwa na heshima.

La kwanza: mutuonyeshe kolone zote tatu, na bei zenye muliweka ndani, ya shaba na ya kobalti. Hatuulize siri za wanunuzi wenu. Tunauliza kipimo chenye munatupimia.

La pili: sanduku la kungojea. Turudie ku mufano wetu: zile dola 28,800 za kungojea, ukizigawa juu ya watu 100 mu miezi 8 mizuri, ni dola 36 kwa mutu kwa mwezi. Iwekwe wakati bei ni muzuri, mu konti yenye inafunguliwa na funguo mbili, moja ya kampani na moja ya delegasio. Siku bei ikianguka, hakuna mwenye atasema makuta hayako.

La tatu: primi yenye inapanda na bei. Tuchukue bei ya katikati ya miezi mitatu, kusudi siku moja ya furaha ku London isidanganye mutu. Ikipita kipimo chenye tumekubaliana, primi inapanda ngazi moja. Ikishuka, primi inashuka. Lakini mushahara wa musingi usiguswe. Mushahara ni bunga, ni pango ya nyumba, ni minervale. Hauwezi kucheza na soko la London.

La ine: mustari wa watu wapya uandikwe. Ajali, masomo, piesi zenye kuvunjika. Kama kubadilisha watu ni rahisi vile munasema, tablo itaonyesha.

Tunajua jibu lenye litakuja: «Mukitufunga mikono, siku ya bei mubaya tutafunga mugodi kabisa, na wote watapoteza.» Hatulicheke hili jibu. Mugodi wenye kufungwa haulishi mutu, na tumeona miji yenye ilikufa nusu. Lakini hatukuomba kampani ikose uwezo wa kugeuka. Tuliomba iulipie. Hata gari, mwenye nalo analipa asiransi ya kila mwaka, na hasemi asiransi imemufunga mikono. Leo kampani inatembea na asiransi yenye sisi tunalipa.

Na ku wenzetu, tuanze leo. Ununue kaye moja ndogo. Kila jioni uandike: siku, saa ngapi za kazi, posti gani, nani alikutuma. Kila mwisho wa mwezi, bei ya shaba na ya kobalti, vijana wataitafuta ku telefone, ni dakika mbili. Kisha miezi sita, utakuwa na tablo yako mwenyewe. Kwa kura ya madelege, musichague mwenye sauti kubwa peke yake. Mumuongezee moja mwenye anajua kupiga hesabu bila kuogopa. Na wamama, mwenye anashika daftari ya deni ya ligablo muzuri ni mwalimu wa kutosha. Mumufundishe bwana.

Yule sudere wetu amekwisha kununua kaye yake. Ku ukurasa wa kwanza amechora kolone tatu, na ku kila moja ameandika mushahara wake. Mu ile ya bei ya juu ameacha nafasi nyeupe. Anasema siku tutaitwa tena mu kile chumba, atamupa mukubwa wa makuta kalamu.